Balozi na Nyumba ya Sita

Siku ya tatu Balozi alipoipita tena nyumba ya Mama Agripina bila kupunguza mwendo, Mwalimu Violeth alishindwa kukaa. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi kuinama juu ya turubai, akaenda tena dirishani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Uwanja wa shule ulikuwa madimbwi matupu, na ukungu ulikuwa bado haujaachia miti ya kijiji cha Tlawi. Hata hivyo Balozi alikuwa ameifikia nyumba ya sita, akawasha taa nyeupe, maana yake hapa hapakunyesha, akaenda zake.

Balozi alikuwa roboti mdogo wa kufundishia, ukubwa wake kama mkate wa nusu kilo, mwenye magurudumu mawili ya mpira, kigurudumu kimoja cha nyuma kisichotulia, na taa moja kichwani. Jina alipewa na wanafunzi wa klabu ya sayansi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kama ya balozi wa nyumba kumi: kupita nyumba hadi nyumba kuulizia habari. Njia yake ilikuwa turubai la kuanikia mahindi ambalo wanafunzi walilichora kwa rangi ya mafuta: barabara, kijito, shule, kanisa, na nyumba sita.

Nyumba hizo zilikuwapo kweli. Katika ua wa kila moja kulikuwa na kipima mvua, na mtu aliyejitolea kukisoma kila siku saa tatu asubuhi na kutuma namba kwa meseji kwenye simu ya Violeth. Kutoka hapo namba ziliingia zenyewe kwenye jedwali mtandaoni. Balozi, akipata intaneti kwenye simu ya Violeth, alilisoma jedwali hilo na kuanza safari. Penye mvua kubwa aliwasha taa ya bluu na kuzunguka mara moja kama anayecheza. Penye mvua kidogo aliwasha ya kijani. Pakavu aliwasha nyeupe na kupita. Akirudi shuleni, kioo chake kidogo kilionyesha jumla ya maji ya nyumba zote sita, na mwanafunzi mwenye zamu aliiandika ubaoni.

Mradi uliomleta ulikuwa na sharti moja tu. Siku kumi na nne mfululizo, nyumba zote sita, bila pengo. Shule itakayotimiza itabaki na roboti wake. Isiyotimiza, roboti atahamia shule inayofuata kwenye orodha. Hiyo ilikuwa siku ya saba.

Violeth alikuwa na miaka ishirini na mitano, na alikuwa amemaliza chuo Dodoma miaka miwili nyuma. Maombi yake ya ajira yalikuwa yamekwenda mara tatu na kurudi kimya. Alikuwa anafundisha kwa kujitolea, akiishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mkuu wa shule, na kama ungemuuliza ameshafanya nini maishani, angekuonyesha lile turubai. Watoto thelathini na mmoja walikuwa wanawahi shule kwa sababu ya roboti wa ukubwa wa mkate. Hakuwa tayari kuwaambia kwamba roboti huyo ameondoka.

Alifungua kompyuta. Kwenye jedwali, mstari wa Mama Agripina ulikuwa mtupu siku tatu. Hapakuwa na sifuri, hapakuwa na chochote. Sifuri aliyoisema Balozi ilikuwa imewekwa na programu yake. Violeth aliukumbuka mstari wenyewe wa programu, alioukuta kwenye masomo ya mtandaoni na kuuchukua bila kuufikiria: palipo wazi, weka sifuri. Balozi hakuwa amekosea. Alikuwa anasema alichofundishwa kusema pale mtu asipojibu.

Akadhani simu ya Mama Agripina imeharibika, au bando limekwisha. Vipindi vilipoisha alivaa mabuti na kupanda kuelekea juu ya kijito.

Njia ilikuwa tope tupu kati ya mashamba ya maharage. Alitembea haraka, huku akipanga kichwani atakavyowahi kurudi. Alipofika kwenye kona ya ua, kabla mguu haujavuka majani yaliyopandwa kuwa mpaka, sauti ikamzuia.

"Simama hapo hapo, mwalimu."

Alikuwa Bibi Ludovika, mama mkwe wake Agripina, ametoka zizini na ndoo mkononi. Violeth alisimama. Alipiga goti kidogo kama alivyolelewa, akasema shikamoo. Bibi hakuitikia. Aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge taratibu, na kwa Violeth, ambaye hakuwahi kutoa shikamoo ikaachwa hewani, muda ule ulikuwa mrefu kuliko njia yote aliyopanda.

"Nimeisikia," Bibi alisema hatimaye. "Nitaipokea siku nyingine. Kwa sasa hatuamkiani na watu."

Kisha, akiwa kwenye umbali wa hatua kumi, alimweleza kwa maneno machache, kama anayesimulia habari za nyumba nyingine. Agripina alikuwa na mimba ya miezi mitano. Wiki iliyopita iliharibika. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa imejitenga, kwa ile desturi ambayo wazee wanaiita metimani: hawaingii kwa watu, watu hawaingii kwao, hawapeani moto wala maji, mpaka siku zitimie. Wengi wameacha, alisema Bibi, na hakuwasema vibaya walioacha. Lakini safari hii aliyeomba ifuatwe ni Agripina mwenyewe. Hataki kuonwa. Anataka mahali ambapo mtu hawezi kuja kumwambia atapata mwingine.

Violeth alijua desturi hiyo kwa kusikia tu. Baba yake kule Bashay alikuwa katekista, na nyumbani kwao mambo hayo yalitajwa kama ya zamani sana. Alisema pole, akaisema tena. Alitamani iishie hapo, ageuke aondoke, lakini ile siku ya saba ilikuwa inamwasha kama upupu, na mdomo ukamtangulia.

"Bibi, samahani. Kutuma meseji si kutoka nje. Ni namba tu."

"Namba ya nini?"

"Ya mvua."

"Na mvua ni nini?"

"Ni maji, bibi."

"Na mkishazipata hizo namba mnazifanyaje? Mtoto wa jirani aliniambia. Mnazijumlisha."

Violeth aliitikia kwa kichwa.

"Basi," alisema Bibi Ludovika. "Maji ya hapa hayachanganywi na ya watu, hata ndani ya simu yako. Wewe si ndiye uliyesoma? Walikufundisha kujumlisha, kutenganisha hawakukufundisha?"

Akachukua ndoo yake na kurudi zizini. Kule nyuma, kwenye nguzo ya mti katikati ya ua, Violeth alikiona kipima mvua. Kilikuwa hatua ishirini tu kutoka miguu yake, na kilikuwa na maji, aliweza kuyaona yaking'aa ndani ya plastiki. Angekuwa na mkono mrefu angekisoma. Alisimama akikitazama mpaka akajionea aibu, akashuka.

Jioni hiyo alimpigia simu Philemon, ofisa wa mradi aliyekuwa na kituo Babati, kijana mpole kutoka Morogoro ambaye alishika majina ya wanafunzi wote aliowahi kukutana nao. Violeth alimwambia tu kwamba msomaji mmoja ana matatizo ya kifamilia. Hakutaka kusema zaidi, haikuwa habari yake. Philemon alimpa pole kwa ajili ya msomaji huyo, kisha akamshauri kama rafiki. Sifuri katikati ya masika haitapita, mtu yeyote atakayelisoma jedwali ataona ni pengo. Achukue namba za nyumba mbili za jirani, atafute wastani, ajaze. Shule nyingine zinafanya hivyo mtandao unapokatika.

"Jaza tu, mwalimu," alisema. "Mvua ni ile ile, na mashine haijui."

Usiku ule Violeth alipanga sababu zake kichwani kama mtu anayepanga kuni. Hakuna atakayeumia. Mvua kule kwa Agripina ilinyesha kweli. Namba itakuwa karibu sana na ya kweli. Na watoto ni thelathini na mmoja.

Asubuhi, saa tatu na dakika sita, namba za majirani zilipokwisha kuingia, aliandika wastani wake, kumi na mbili, kwenye mstari wa nyumba ya sita.

Balozi alianza safari. Nyumba ya kwanza kijani, ya pili bluu, akazunguka, watoto wakacheka kama wanavyocheka kila siku. Ya tatu, ya nne, ya tano. Alipofika kwa Mama Agripina alisimama, akawasha taa ya bluu, akazunguka kwa madaha yote aliyonayo. Darasa zima likashangilia, maana siku tatu alikuwa hajacheza pale.

Evaline, msichana wa kidato cha pili aliyeandika nusu ya programu pamoja naye, hakushangilia. Alimsogelea mwalimu wake karibu, akauliza kwa sauti ya chini.

"Madam, ametuma?"

Kwao Evaline walikuwa wanapakana na kwa Bibi Ludovika. Kwa hiyo alikuwa anajua tangu mwanzo, na hakusema kwa sababu mambo hayo watoto huambiwa wasiyaseme. Violeth angeweza kulifahamu hilo kwenye macho ya yule msichana kama angetulia. Lakini hakutulia. Alikuwa anatazama simu, anatazama betri, anatazama ubao ambako namba ya jumla ilikuwa inaandikwa.

"Ametuma," alisema.

Uso wa Evaline ukafunguka. Akarudi kwenye dawati lake akitabasamu peke yake.

Kesho yake Balozi alikimbia tena, na tena Violeth alijaza, safari hii saba. Evaline hakuwepo shuleni. Saa sita mchana, mama yake, Hilaria, alionekana akivuka uwanja na dumu la maziwa mkononi, dumu lililojaa. Violeth alitoka kumpokea, akamwamkia. Hilaria aliitikia, akakataa kiti, wakasimama chini ya upenu wa darasa huku manyunyu yakidondoka mbele yao.

Hakuja kwa ugomvi. Alisema jana jioni binti yake alifika nyumbani mbio akisema Mama Agripina ametuma namba, Balozi amecheza kwake. Nao wakaelewa kama mtu yeyote wa pale angeelewa: siku zimefupishwa, nyumba imefunguliwa. Hilaria akafurahi, kwa sababu yeye na Agripina waliolewa mwaka mmoja, na tangu wiki ile alikuwa anapita njia ya juu bila kumsemesha rafiki yake, na jambo hilo lilikuwa linamuumiza. Asubuhi akakamua, akajaza dumu, akaenda. Akaingia uani akiita kwa jina. Agripina alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, kwenye kajua kalikotoka kidogo, kichwa wazi, akidhani yuko peke yake. Alipomwona mtu aliinuka, akajifunika uso kwa mikono, akakimbilia ndani. Hilaria alirudi nyuma na maneno ya Bibi Ludovika yakimfuata mpaka barabarani. Evaline amekaa nyumbani analia, anasema ni yeye aliyesema uongo.

Akahamisha dumu mkono wa pili.

"Nimekuja kuuliza jambo moja, mwalimu. Alituma, au hakutuma?"

"Hakutuma," Violeth alisema. "Niliandika mimi."

Hilaria alimtazama. Hakuonekana kukasirika, alionekana mtu anayejaribu kuelewa kitu kidogo kilichokaa vibaya.

"Basi ungeandika kwa jina lako," alisema, akaaga, akaondoka na maziwa yake.

Violeth hakurudi darasani mara moja. Alizunguka jengo lile mara mbili kwenye manyunyu, mikono kifuani, akikanyaga madimbwi bila kuyaona. Aliwaza kumpigia Philemon, akatoa simu, akairudisha. Aliwaza kufuta tu zile namba bila kumwambia mtu. Mara ya tatu alipofika mlangoni aliingia.

Jioni, klabu ilipokutana, aliwaambia. Aliwaambia kwamba kumi na mbili na saba zilikuwa zake, kwamba Evaline hakusema uongo, uongo aliusema mwalimu. Kisha mbele yao akafungua jedwali na kuzifuta zote mbili. Tadei, kijana mrefu wa kidato cha tatu ambaye hakuna hoja aliyowahi kuiacha ipite, akauliza kama maana yake ni kwamba Balozi ataondoka. Violeth alisema huenda. Tadei akasema lakini Mama Evaline ameshaambiwa ukweli, na wao wote wameshaambiwa, na hakuna mwingine atakayekwenda na maziwa, sasa kujaza kunamdhuru nani? Wengine wakaitikia kwa vichwa. Violeth aliona kwamba zile sababu ni zake mwenyewe, zimepangwa vilevile, na kuzisikia kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi na sita kulimfanya aone jinsi zilivyokuwa nyepesi.

"Kutamdhuru mtu tena siku nyingine," alisema, "na siku hiyo hatutajua."

Siku iliyofuata alipanda tena juu ya kijito. Alisimama kwenye umbali wake bila kuambiwa, akayasema yote, mpaka na ule wastani. Bibi Ludovika alisikiliza hadi mwisho. Akasema ng'ombe wake wanamsubiri, akaenda.

Zikabaki siku nne. Programu ilibidi ivunjwe na kujengwa upya, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu walijua wasichotaka Balozi afanye lakini hawakujua wanachotaka. Asiseme sifuri, sawa. Basi aseme nini? Tadei alitaka taa nyekundu. Wakaijaribu, ikaonekana kama hatari, kama nyumba ile ina ugonjwa. Mwingine akataka aruke kabisa, atoke nyumba ya tano arudi shuleni. Wakaijaribu, na turubai likaonekana kana kwamba nyumba ya sita haipo. Violeth alitembea huku na huku kati ya madawati, akiuma kucha, akisema hapana, hapana, jaribuni tena. Betri zikaisha, wakachaji. Bando likaisha katikati ya jaribio na Balozi akatoka nje ya turubai moja kwa moja mpaka ukutani, akawa anausukuma ukuta kwa bidii.

Aliyelimaliza ni Evaline. Alikuwa amerudi shule siku ile lakini alikuwa hajasema neno. Alikuwa amechuchumaa kando ya turubai, kidevu juu ya magoti.

"Madam," alisema, "sisi tukipita kwao tunafanyaje?"

Wote walikuwa wanajua.

"Tunasimama kidogo ng'ambo ya njia," aliendelea. "Hatuiti. Halafu tunapita. Kwa nini yeye afanye kingine?"

Wakaandika hivyo. Mstari wa zamani ukafutwa, wa kuweka sifuri palipo wazi. Pakawekwa mwingine: palipo wazi, usiweke kitu. Simama upana wa gurudumu moja kabla ya ua. Zima taa. Subiri dakika moja. Pita. Na ile jumla ya mwisho, wakaiondoa. Kioo sasa kilionyesha namba ya kila nyumba peke yake, moja baada ya nyingine, bila kuchanganya. Violeth alipoandika mstari huo alimkumbuka Bibi na ndoo yake, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Siku ya kumi na nne Philemon alikuja na gari la mradi. Mkuu wa shule, Mwalimu Onesphory, alikuwa amewaalika wazazi, na wakaja wengi kuliko viti, akina mama wamejifunga khanga mabegani kwa ajili ya baridi. Turubai lilitandazwa katikati ya ukumbi. Violeth alikuwa ameamka mara nne kuangalia kama simu imejaa chaji. Saa tatu na dakika tano, namba tano zikawa zimeingia.

Balozi akaondoka shuleni. Alicheza nyumba ya kwanza, wazazi wakapiga makofi. Alipita ya pili na ya tatu. Mzee mmoja aliyekuwa msomaji wa nyumba ya nne alipoona taa ya kijani inawaka kwake alisimama akainama kwa watu kama aliyetajwa kanisani, wakamcheka. Ya tano, bluu. Kisha Balozi akakunja kona, akapanda kuelekea juu ya kijito, na upana wa gurudumu moja kabla ya ua akasimama. Taa ikazimika.

Makofi yaliyokuwa yameanza yakakatika. Sekunde kumi. Sekunde ishirini. Mwalimu Onesphory alikohoa na kumtazama Violeth. Philemon aliinuka kwenye kiti chake, akasogea kwenye turubai kwa nia njema kabisa, akainama na kunyoosha mkono ili amsukume.

"Mwache, baba," alisema Hilaria kutoka mstari wa nyuma. "Hajakwama."

Philemon akabaki ameinama. Ndani ya ukumbi kulikuwa kumetulia, na utulivu wenyewe ulikuwa unasogea kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, kila mmoja akiitambua nyumba ile kwenye rangi ya mafuta, na namna Balozi alivyosimama. Mmoja alishusha khanga yake kutoka begani, akaipandisha tena. Hakuna aliyetaja jina. Dakika ilipotimia, kigurudumu cha nyuma kikatikisika, Balozi akapita taratibu, akarudi shuleni. Wakampigia makofi, lakini ya chini, kama watu wanaotoka kwenye ibada.

Baadaye, ofisini, Philemon alifungua fomu. Kwenye nyumba ya sita alihesabu siku kumi tupu. Akaweka kalamu mezani. Akamwambia Violeth kwamba ameona alichokiona pale, na hakukielewa chote, lakini anadhani amekielewa kiasi. Kisha akasukuma fomu kuelekea upande wake, akasema yeye anatoka nje kuangalia tairi la gari, na akirudi atatia sahihi lolote atakalolikuta.

Akatoka. Violeth alibaki na fomu na kalamu. Alisikia watoto nje wakibishana ni nani ambebe Balozi apigwe picha. Visanduku vilikuwa kumi, vidogo, kila kimoja cha kutosha namba mbili. Ingemchukua chini ya dakika moja.

Akaandika "hakuna taarifa" kwenye cha kwanza, herufi zikabanana. Akaandika kwenye cha pili. Philemon aliporudi alimkuta kwenye cha tisa, akasubiri amalize.

Balozi aliingizwa kwenye sanduku lake mwenyewe, na Violeth ndiye aliyelipeleka garini. Watoto hawakulia, walikuwa wakubwa mno kwa hilo, lakini hapakuwa na aliyekwenda nyumbani mpaka gari lilipopotea kwenye ukungu wa bondeni. Philemon alikuwa ameahidi kuandika maelezo kwenye nafasi ya maoni. Balozi alikuwa anakwenda shule moja upande wa Nangwa, na Tadei alisema kwa uchungu kwamba kule watamfundisha vibaya.

Asubuhi iliyofuata Violeth alitaka kuwahi shule akunje turubai kabla watoto hawajafika. Aliona afadhali wasilikute. Lakini hakulala vizuri, akachelewa kuamka, na njia nzima alikuwa anapanga klabu itafanya nini sasa, sumaku labda, au bustani, na kila alichokipanga alikivunja kabla ya hatua kumi.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Turubai lilikuwa limetandazwa. Evaline alikuwa amevua viatu na kusimama kwa soksi juu ya mchoro wa shule, tochi mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliye kazini. Wenzake walikuwa wamezunguka.

"Madam," alisema Tadei, "umechelewa. Saa tatu na dakika mbili."

Simu ilikuwa inalia mfukoni mwa Violeth. Hakuna aliyekuwa amewaambia wasomaji waache, nao walikuwa wanatuma kama kawaida. Moja, ya pili, ya tatu. Alizitazama meseji zikiingia, akawatazama watoto, akaelewa wanachokisubiri.

Akasoma namba ya kwanza. Evaline akaondoka, hatua fupi za kupimwa, akawasha tochi, akazunguka mara moja.

"Nyuzi tisini," Tadei alimkaripia kwenye kona. "Unayumba."

"Hata yeye alikuwa anayumba," Evaline alijibu bila kusimama, na darasa likacheka.

Violeth akasoma ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kwa nyumba ya sita hakusoma kitu. Evaline alikunja kona, akapanda, akasimama hatua moja kabla ya ua, akazima tochi. Watoto wakaanza kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mvua ilikuwa inaanza tena kwenye bati, na Evaline alisimama wima, mikono pembeni, akitazama mbele. Kwenye arobaini na kitu mmoja alipiga chafya, hakuna aliyegeuka. Sitini. Evaline akapita.

Tadei alikwenda ubaoni. Akaandika namba tano, kila moja mstari wake, akauacha mstari wa sita wazi. Kisha akafuta vumbi la chaki mikononi, akauliza kesho ni zamu ya nani.